Wifi, Mwamba Kipara Unafikika kwa Miguu

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo sikuandikii, maana uliikataa siku ileile ulipoingia kwetu. Ulisema, "Mimi na wewe tumepishana miaka minane tu, usinizeeshe mbele ya mume wangu." Basi pokea salamu za kawaida, na upokee na pumzi zangu, kwa sababu naandika nikiwa bado nahema na miguu yangu haijaoshwa mchanga. Namba yako haipatikani tangu Ramadhani. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote. Mtu wa Songosongo, huko uliko sasa, akiiona na akusomee, maana wewe kusoma unajua, ila miwani hutaki kuvaa.

Habari naiweka mbele. Leo wageni wawili wamezamia Mwamba Kipara wakitokea ufukweni kwetu. Hawakupanda boti wala ngalawa. Wametembea, wifi! Wametembea kwa njia yenu ninyi wanawake wa pweza, na mitungi yao ya hewa imekokotwa majini kama mlivyokuwa mkikokota madumu yenu. Nimeiona kwa macho yangu, na bado nikifumba macho naiona tena.

Siku ya kwanza uliponichukua mwambani nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni. Daftari la mwaka ule lipo hapa mbele yangu, mende wamelila pembeni. Juu ya kila ukurasa niliandika siku mbili, kama ninavyofanya hata sasa, siku ya kalenda na siku ya mwezi, kwa kuwa uliniambia kalenda ya ukutani haijui maji. "Bamvua ya mwezi mpevu," nimeandika. "Tumetoka saa mbili na nusu, maji yanakupwa. Wifi ananicheka kwa ajili ya viatu." Nilikuwa nimevaa viatu vya shule, vyeusi, vya kamba, na daftari nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Karani," ukaniita, na jina likaniganda hadi leo, "unakwenda kuvua pweza au unakwenda kuwasahihisha?"

Wenzako wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wewe hukusubiri. Ulijifunga kamba kiunoni, na mwisho wa kamba lilikuwa dumu la lita ishirini lililokatwa ubavu, likakufuata likielea kama bata. Hapo ndipo nilipouona ule mfereji kwa mara ya kwanza. Nilizaliwa pwani ile, lakini machoni pangu uwanda wote wa kupwa ulikuwa kitu kimoja: mawe, majani ya bahari, fukulile na miiba yao myeusi inayosubiri nyayo. Wewe ulijua kwamba katikati ya vyote hivyo kuna utepe wa mchanga mweupe, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja, na ubavuni mwake mfereji wa maji usiokauka hata bamvua ikivuta namna gani, na kwamba viwili hivyo vinakwenda pamoja, vikipinda hapa na pale, mpaka ukingoni mwa mwamba.

Nilitaka kukata njia juu ya mawe ili niwahi. Ukanishika ushungi.

"Jiwe hili linakua," ukasema. "Ukilikanyaga linakufa. Na kabla halijafa linakukata."

Watu wa hifadhi walipokuja baadaye kutufundisha habari za matumbawe, wewe ndiye uliyenyoosha mkono mkutanoni ukawauliza kama wamewahi kupita pale peku. Nilitamani ardhi inimeze. Leo nacheka peke yangu.

Tulifika ukingoni. Mawe yakaisha ghafla na bluu ikaanza. Nikakuuliza huko chini kuna nini.

"Pweza madume," ukajibu, "wamewakimbia wake zao."

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa kuwa ulipoondoka nilikuwa naianza tu. Nipo kwenye kituo cha wazamiaji hapa Utende. Miaka mitatu nimeosha suti, nimejaza mitungi, nimebeba mikanda ya vipande vya risasi vya kumzamisha mzamiaji. Mwaka wa pili nilijifunza kuzamia, na mwaka jana nikafaulu mtihani wa kuwaongoza wageni. Cheti ninacho, kipo kwenye fremu. Nafasi ndiyo sina. Boti yetu ina nafasi za viongozi wawili na zote zina wenyewe. Mmoja ni Hamadi, ambaye anazamia vizuri na kusema zaidi. Kila asubuhi mimi nasukuma boti, natikisa mkono, narudi kwenye beseni la sabuni.

Lakini bamvua ikiingia, maji yakijaa na kupwa kupita kiasi, wifi, boti nayo inalala. Wewe unajua maji ya kwetu yanavyokimbia. Saa nne asubuhi boti ya injini mbili imelala ubavu mchangani kama ng'ombe, na bahari iko kule. Mzee Salehe, mkuu wetu, huandika ubaoni, "Leo hakuna kuzamia asubuhi," na wageni hukaa wakihesabu mawingu. Nimeuona ubao huo bamvua baada ya bamvua. Kisha siku moja, nikiwa nasuuza suti, nikajiuliza swali lililonifanya nimwage maji miguuni: kwani asubuhi zile zile ambazo boti haiendi, si ndizo ninyi mlizokuwa mkienda?

Sikulala vizuri wiki nzima. Niliandika kwenye daftari njia zote za kutoka ufukweni kwenda Mwamba Kipara, na mbele ya kila njia nikaandika ubaya wake. Kuogelea wakati maji yamejaa ni mbali, mgeni atafika amechoka na nusu ya hewa amekwisha kuivuta. Ngalawa haibebi mitungi na watu wanne ikabaki salama, na kuipanda ukiwa na mapezi miguuni ni vichekesho. Kuingia majini wakati wa maji mafu, kama kitabu changu cha kuzamia kinavyoshauri kwa sababu mkondo ni mpole, ni mateso kwetu: uwanda haukauki na wala haujai, maji ya mapajani, huwezi kuogelea na huoni unapokanyaga. Ikabaki njia yenu. Mbele yake sikuandika ubaya wowote. Niliandika mtungi wa hewa ni mzito, kisha nikakumbuka dumu lako, nikaandika "tyubu ya lori", nikapiga mstari chini mara tatu.

Mzee Salehe alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Mwanangu," akasema, "wageni wametoka mbali. Hawakuja kukokota matairi."

"Watakokota vitu vyao nusu saa tu, Mzee."

Hamadi akadakia kutoka nyuma ya kompresa ya kujazia mitungi, "Mpe, Mzee, mpe. Akifaulu tutaiuza boti tununue punda."

Mzee akanipa sharti. Tuijaribu sisi watatu kwanza. Ikifaa, njia ya miguu itakuwa yangu, na mimi ndiye nitakayeongoza wageni huko kila bamvua. Isipofaa, nisizungumze tena habari ya kuongoza mpaka mmoja wa wale wawili aache kazi. Na Hamadi, wifi, hata mafua hapati.

Jaribio la kwanza lilikuwa bamvua iliyopita, Jumanne. Nakuandikia yote, hata ya aibu. Kwenda kulikuwa kuzuri mno! Mitungi mitatu juu ya matyubu ikielea mferejini, sisi tukitembea juu ya mchanga mkavu, kamba mkononi. Ukingoni tukavaa, tukafunga matyubu kwenye jiwe, tukashuka wote watatu. Nilikuwa na saa mkononi na jedwali la maji kichwani. Jedwali lilisema tuna muda mpaka karibu saa tano.

Jedwali ni la bandarini. Mfereji wetu haulijui. Tulipoibuka, saa nne na nusu ilikuwa imepita kidogo, maji tayari yalikuwa kifuani, utepe wa mchanga umefunikwa, na matyubu yamejing'oa yanakwenda zake mikokoni. Turudi vipi? Kuogelea na mitungi mgongoni, sehemu nyingine kutambaa. Mzee Salehe alikanyaga fukulile. Tulipofika ufukweni alikaa chini, akautazama unyayo wake, akasema taratibu, "Hii si njia, mwanangu. Hii ni adhabu." Hamadi, ambaye ningependa angenitania, hakunitania. Hilo ndilo lililoniuma.

Usiku ule sikuandika kitu. Kesho yake jioni nililifungua hili daftari la kidato cha pili nione nimekosea wapi. Nilifuata mstari kwa mstari. Saa ya kutoka ni ileile. Njia ni ileile. Bamvua ni bamvua. Kisha nikafika chini ya ukurasa, nikakuta mwandiko wangu wa kitoto wenye hasira: "Leo wifi hakuvua kabisa. Amesimama tu juu ya mchanga kama bibi harusi. Mwishoni kila mtu amempa mkono mmoja wa pweza. Amepata mikono kumi na mmoja. Si haki."

Nilisoma nikacheka, nikalia, nikasoma tena. Mtazama maji! Wifi, nilisahau mtazama maji. Miaka yote nilidhani ni kupumzika, ni heshima tu mnayopeana kwa zamu, na wewe ulipata zamu nyingi kwa kuwa una sauti kubwa. Nilichukua njia yenu, nikachukua dumu lenu, nikamwacha yule mtu mmoja ambaye havui. Ninyi hamkwenda mwambani hata siku moja bila mtu wa kusimama. Wote mliinama vichwa kwenye mashimo, kijiti cha mchokoo mkononi, na mtu aliyeinama haoni bahari inavyogeuka. Mmoja akae wima kwa ajili ya wote, na akirudi nyumbani asikose kitoweo. Hicho ndicho nilichokiita si haki.

Nikakumbuka na ulichonionyesha siku moja nilipokuzodoa kwamba unakula mikono ya watu bure. Ulinichuchumaza mchangani. "Usitazame baharini, Karani. Tazama hapa." Matundu ya kaa yalikuwa yameanza kutoa mapovu, moja, mawili, halafu mstari mzima, na maji yenyewe bado yalikuwa mbali. "Yanakuja kwa chini kwanza," ukasema, "kama mgeni anayepitia uani." Kisha ukalipiga dumu lako kwa mchokoo, na wanawake wote wakainuka kwa pamoja, hakuna aliyeomba dakika moja zaidi.

Nilikwenda kwa Mzee Salehe asubuhi na mapema. Nilimwomba jaribio moja tu lingine.

"Unyayo wangu bado umevimba," akasema.

"Safari hii hutatembea, Mzee. Utakaa ufukweni na darubini."

"Na nani atasimama huko mchangani akitazama mapovu ya kaa?"

Hapo, wifi, ndipo nilipojifunga mwenyewe. Wenzako wa zamani nimewazungukia wote. Mmoja haoni vizuri, wawili wamehamia kwa watoto wao Dar es Salaam, waliosalia wametawanyika vijiji vya mbali, na wasichana wa siku hizi wanakwenda mwambani wakati maji yameshatulia, simu mkononi. Hakuna aliyebaki anayejua yale matundu isipokuwa mimi. Nikajibu, "Nitasimama mimi."

"Na chini ataongoza nani?"

Hamadi akainua mkono, safari hii bila mzaha. "Nitashuka mimi. Yeye akinigongea nitapanda."

Basi leo, siku ya pili ya bamvua, tumekwenda. Wageni wenyewe ni mke na mume, Waholanzi, na huyo mama ndiye aliyemlainisha Mzee. Ni mwalimu wa hesabu, mtu wa makamo, na boti inamtapisha hata ikiwa imetia nanga. Siku nne amekaa kwenye kiti ufukweni akimtazama mumewe akienda na kurudi. Aliposikia kuna njia ya miguu alisimama palepale akauliza tunaondoka saa ngapi. Askari wa hifadhi naye alikuja, mtu mkimya, akatembea nyuma yetu akitazama kila unyayo unatua wapi. Mpaka ukingoni hakukuta jiwe hata moja lililokanyagwa. Alisema neno moja tu, "Panapitika," akarudi zake ufukweni.

Saa nne kamili wakashuka. Mimi nikabaki.

Ungeniona! Nimevaa suti ya kuzamia mpaka shingoni, nimesimama juu ya mchanga katikati ya bahari isiyo na maji, mkono mmoja kamba za matyubu, mkono mwingine spana. Mbele yangu nimening'iniza mtungi mtupu ndani ya maji ya ukingoni, maana chuma kikigongwa majini husikika mbali. Nilichuchumaa kwenye matundu. Mapovu ya wale watatu yalikuwa yakipanda kule kwenye bluu, meupe, na mimi nayahesabu, huku natazama mapovu ya kaa ambayo bado hayajatokea. Jua lilinichoma, sikulisikia. Nilitaka kuwa kule chini kiasi kwamba meno yaliniuma, na wakati huohuo nisingekubali mtu anitoe pale niliposimama. Sijui kama uliwahi kuhisi hivyo. Nadhani ulihisi, ila hukusema, ukatia mzaha.

Tundu la kwanza likatoa povu. La pili. Nikaitazama saa: jedwali lingesema bado tuna nusu saa nzima. Nikagonga. Ngo, ngo, ngo! Niligonga kama mtu anayetangaza harusi.

Hamadi aliibuka wa kwanza, akauliza, "Kweli? Maji yenyewe yako wapi?"

"Vua mapezi, kaka, usinihoji."

Wakavua, wakaweka mitungi juu ya matyubu, tukaanza kurudi. Na maji yakaja, wifi, yakaja taratibu mferejini nyuma yetu, yakaisukuma mitungi kuelekea nyumbani hata hatukuwa na haja ya kuvuta. Tulitembea tu tukiishika isitutangulie! Tulipogeuka nyuma baada ya dakika kumi, pale niliposimama hapakuwa na mchanga. Hamadi alipaona, akanitazama, akasema, "Karani, wewe ni mchawi." Nikamwambia mchawi yuko Songosongo.

Yule mama wa Kiholanzi alitembea njia nzima akizungumza na mimi, nami Kiingereza changu cha kidato cha nne kikakimbia nyuma yake. Ameona kasa amelala chini ya jiwe. Ameona kundi la samaki wa manjano lililompita kama pazia. Ameona pweza, wifi, mkubwa, akibadilika rangi mbele ya miwani yake, kutoka kahawia kuwa mweupe kuwa mwekundu. Akanishika mkono akauliza ni nani aliyegundua njia hii. Nikamwambia ni wifi yangu. Ikabidi nimweleze wifi ni nani, na nilipofika sehemu ya talaka nikashindwa kumaliza.

Siku uliyoondoka nilikuwepo Utende, naosha suti. Nilijua unaondoka. Niliogopa kaka angeniona nakulilia, nikajifanya nina kazi nyingi. Nimeandika siku hiyo kwenye daftari: "Suti kumi na nne." Hakuna neno lingine. Naomba unisamehe kwa ukurasa ule.

Na sasa naomba jingine, kubwa zaidi. Mzee Salehe ameandika ubaoni mchana huu. Upande mmoja "Boti". Upande wa pili, kwa chaki mpya, "Kwa miguu", na chini yake mistari miwili: kiongozi wa chini, na mtazama maji. Amenigeukia mbele ya watu wote akasema, "Njia nimeikubali. Ukipata mtu wa kusimama mchangani, wewe utashuka na wageni, na hiyo ndiyo kazi yako kuanzia siku hiyo. Usipompata, mchangani utasimama wewe na Hamadi atashuka. Wageni sitawapeleka huko bila mtazama maji hata siku moja." Hakuna haki kuliko hiyo. Amenipa mpaka bamvua ijayo, ya mwezi mwandamo, wiki mbili kutoka leo.

Wifi, njoo. Nafasi ni ya kazi kamili, yenye jina ubaoni, siyo msaada wa ndugu kwa ndugu. Chumba kipo, ni changu, mbali na kwa kaka. Nimekwishahamisha kitanda kikae karibu na dirisha. Kuogelea hujui, najua, na kazi ya kusimama haitaki kuogelea. Lakini maji mafu yakiingia tutakuwa na siku nyingi za bure, na mfereji una kina cha kifua tu. Nitakufundisha mimi. Utameza maji kidogo na utanitukana sana. Ukishaweza, kutakuwa na bamvua moja ambayo mimi nitasimama na spana yangu, na wewe utashuka ukawaone hao madume wenyewe, uwaulize wake zao wamewakosea nini.

Mstari wa kwanza ubaoni nimeujaza jina langu kwa mkono wangu. Wa pili nimemwomba Mzee asimwandike mtu, na asiufute.

Nakusubiri kwa hamu,

Wifi yako. Talaka ile ilikuwa ya kaka, haikuwa yangu.